Daraja Lenye Serikali Mbili

Shule ya Msingi ya Ugbodin,
8 Machi 1982

Mdogo wangu Odia,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Lagos, wewe na Ebehi na mtoto mnayemngojea. Sisi tupo. Mama anakohoa lakini ulimi wake mzima, jana kamfukuza muuza dawa.

Sikuandikii kwa salamu tu. Daraja letu linaumwa. Ijumaa nilishuka hadi mtoni, maji bado haba, nikafika kwenye ile nguzo ya tatu ya katikati. Ina ufa. Niliingiza mkono hadi kwenye kifundo. Lori la magogo likipita juu, sakafu inazama kidogo kisha inarudi, kama kitanda cha chuma. Na watoto wangu mia moja na arobaini wanaishi ng'ambo. Wanapita hapo asubuhi na mchana, na wenyewe wanaona mchezo, wanangoja lori lipite ndipo waruke.

Nilikwenda mjini Benin, ofisi ya ujenzi ya jimbo. Kijana wa pale hakuinua hata kichwa. "Mama, hiyo ni barabara ya shirikisho. Jimbo haliigusi."

"Nani anaigusa?"

"Lagos."

"Na mimi Lagos namjua nani?"

Nilipotoka nje ndipo nikacheka peke yangu. Namjua mtu. Mtu huyo hukagua madaraja ya Serikali ya Shirikisho, na nilimbeba mgongoni hadi akafika miaka mitatu. Waambie wakubwa wako, Odia. Mvua ziko karibu.

Dada yako,
Izehi


Lagos,
19 Machi 1982

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Mpe Mama pole, nimemtumia dawa ya kifua kwa mkono wa dereva Ikhuoria.

Kuhusu daraja, usiwe na wasiwasi. Nimeangalia faili. Lilikaguliwa Novemba na kuonekana zima. Nyufa nyingine ni za lipu tu, hazifiki ndani. Saruji huzeeka kama sisi, hupata mikunjo.

Jambo moja nakuomba kwa heshima. Uchaguzi ni mwakani. Gavana wenu na wakubwa wa huku hawaivi chungu kimoja, wewe unajua. Watakuja watu na karatasi, watataka sahihi ya mwalimu mkuu iseme daraja ni bovu. Usitie sahihi, Dada. Wewe unakula mshahara wa jimbo, mimi nakula wa shirikisho, na jina letu la ukoo ni moja. Wakubwa wakigongana, sisi ndio tutakaoulizwa.

Ebehi anakusalimu. Miguu imemvimba.

Mdogo wako,
Odia


Ugbodin,
2 Aprili 1982

Odia,

Umesema lilikaguliwa Novemba. Ugbodin gari la serikali likipita hata mbuzi wanajua. Novemba halikupita. Aliyetakiwa kuja ni wewe. Nilitwanga viazi vikuu, nikakungoja hadi mchuzi ukaganda, halafu ukaniandikia kwamba gari liliharibika njiani, pale Ore. Au walimtuma mwingine aliyekuja kwa miguu?

Sasa sikia mambo ya huku. Jumatatu iliyopita kamishna wa jimbo alikuja na watu wa redio, akatangaza kwamba Gavana hawezi kungoja Lagos watu wake wakifa. Tukapiga makofi. Wakaletwa mafundi, saruji, nondo, na msimamizi wao, Fundi Aigbe, mtu mfupi mwenye maneno mengi. Yule hakungoja hotuba ziishe. Alishuka majini na suruali yake, akairudia ile nguzo mara tatu, akapanda, akaulizia mbao. Jioni ileile akaanza kusimamisha mihimili ya mvule chini ya daraja, pande zote za ile nguzo. Minane. "Mama Mkuu," akaniambia, "hii si dawa. Hii ni mkono wa kumshika mgonjwa asianguke mpaka dawa ije."

Dawa haikuja. Jana wamekuja polisi. Unajua polisi wote ni wa Lagos, Gavana hana hata mmoja. Mkubwa wao ni Inspekta Bulus Dashe, mtu wa milimani kule Jos, mpole. Alisimama juu, Fundi akiwa chini.

"Fundi, panda."

"Nipande niende wapi? Niko kwenye kazi ya jimbo."

"Daraja ni la shirikisho."

"Na mto?"

Inspekta akafikiri. "Mto sijaambiwa."

Watu walicheka, hata makonstebo. Lakini kazi ilisimama. Saruji iko chini ya turubai, na leo asubuhi kumeanguka manyunyu.

Nawavusha watoto kumi kumi, mimi mbele. Nikifika ng'ambo nawahesabu, kisha nawarudia wengine.

Nani alikagua, Odia?

Izehi


Lagos,
12 Aprili 1982

Dada,

Nakuandikia haraka, nje ya ofisi.

Usiwavushe watoto tena. Usiniulize nimejuaje. Watafutie mahali ng'ambo, kanisani au kwenye banda, popote. Na wewe usipite. Magari yakiwa juu, mtu yeyote asiwe chini.

Amri ya kusimamisha kazi iliandikwa chumba cha pili kutoka changu. Nilimsikia mkurugenzi akisema, "Yule Gavana akigusa jiwe moja pale, mwakani atasema barabara yote aliijenga yeye." Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, Dada, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Jina langu usilitaje popote.

O.


Ugbodin,
20 Aprili 1982

Odia,

Watoto wa ng'ambo sasa wanasomea kanisani kwa katekista. Navuka peke yangu kila alfajiri kwenda kuwapanga, kisha narudi. Usiniambie nisipite. Nitawafundisha kwa kupiga kelele kutoka huku?

Jumamosi alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu ya jimbo, na mpiga picha. Nilidhani amekuja kutusaidia. Akataka watoto wa ng'ambo wavae sare na wavuke wote kwa pamoja, mara moja tu, ili gazeti lione jinsi shirikisho linavyowatupa watoto wetu.

Nikamwambia, "Daraja halifai."

"Ndiyo, ndicho tunachotaka kionekane."

"Basi vuka wewe, nami nitashika kamera."

Alinitazama kama nimemtemea mate. Jumatatu nikapata barua ya kutakiwa kujieleza: kwa nini nimefunga sehemu ya shule bila idhini, na je, kweli nina ndugu anayefanya kazi Lagos.

Kwa hiyo Lagos inataka daraja lionekane zima, Benin inataka lionekane bovu huku watoto wako juu yake. Fundi Aigbe hajaondoka. Amebaki na vijana watatu, analala kwenye banda la saruji, kila asubuhi anashuka kugonga mihimili yake kwa nyundo na kuisikiliza. Nilimuuliza anasikia nini. Alisema, "Inalia, Mama Mkuu. Mti ukibeba mzigo unalia kidogo. Siku ukinyamaza ndiyo mbaya."

Mvua imeanza kweli. Mto umefika magotini mwa nguzo.

Nilikuuliza swali, hukulijibu. Naogopa jibu lake, lakini nimekuuliza.

Dada yako


Lagos,
27 Aprili 1982

Dada Izehi,

Nilikagua mimi.

Yaani sahihi ni yangu. Gari liliharibika Ore kweli, hilo sikukudanganya. Nilikaa siku mbili kwa fundi wa magari, na faili lilitakiwa Ijumaa. Nilirudi Lagos, nikachukua ripoti ya mwaka 1979, nikabadilisha tarehe. Nguzo ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima. Ya tatu, nzima. Niliandika hivyo nikiwa nakula maandazi mezani pangu. Nilijiambia daraja nalijua, nimelivuka tangu nimezaliwa.

Barua yako ya Machi ilipofika, nilitaka kusema. Kisha ugomvi wa Gavana ukaanza, na ile ripoti ikawa ndiyo ngao yao. Kila barua inayotoka Lagos kwenda Benin inasema, "Kwa mujibu wa ukaguzi wa Novemba." Jina langu wanalibeba kama bendera. Nikisema leo kwamba sikufika, nitafukuzwa, labda nishtakiwe. Ebehi anajifungua Juni. Nyumba tunayokaa ni ya serikali.

Silali. Mvua ikinyesha hapa Lagos nasikiliza kama inanyesha kwenu.

Niambie la kufanya. Na barua hii uichome.

Odia


Ugbodin,
5 Mei 1982

Odia,

Sijaichoma.

Niliisoma mara mbili, nikaenda kumpikia Mama, nikaisoma tena. Mama akaniuliza kama umekufa. Nikamwambia hapana.

Leo nilimfuata Inspekta Dashe pale kwenye kibanda chake. Nilimuuliza kitu gani kitafunga daraja hili. Alinijibu bila kuzunguka. "Karatasi ya shirikisho, ya mhandisi, yenye muhuri. Ya jimbo siwezi kuipokea. Hata Gavana akija kwa magoti, siwezi." Kisha akasema polepole, "Mama, nina wiki tano nalinda kitu ninachoogopa kukikanyaga."

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kumpa. Nilifunga mkono wangu juu yake hadi nikatoka nje.

Sitamwonyesha, kwa sababu ukweli ukitoka mikononi mwangu utakuwa umbea wa dada, watasema jimbo limeninunua. Lazima utoke kwako. Hukuniuliza kama nimekusamehe, na ni vizuri, maana sijui. Uliniuliza la kufanya. Andika ripoti ya kweli. Ukifukuzwa, njooni mkae hapa, chumba cha nyuma kipo.

Nafundisha watoto ambao baba zao ulicheza nao mpira. Sitakuandikia tena mpaka nipate karatasi hiyo.

Izehi


Lagos,
12 Mei 1982
Kwa mkono wa dereva Ikhuoria

Dada,

Nimeiandika. Kurasa mbili. Nimesema ukaguzi wa Novemba haukufanyika, na nguzo ya tatu ni hatari, daraja lifungwe mara moja. Nilimpelekea mkurugenzi jana. Aliisoma hadi mwisho, akafungua droo, akaitia humo, akageuza ufunguo. Akasema, "Nenda nyumbani ukapumzike, Odianosen. Mkeo anakuhitaji."

Lakini nilikuwa nimefika kabla ya karani na kugonga muhuri kwenye nakala ya kaboni. Imo ndani ya bahasha hii. Mpe Inspekta.

Kuna jingine, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Nimeona barua kwenye trei. Lagos imeiandikia Benin iondoe "mali ya jimbo" chini ya daraja la shirikisho. Ni ile mihimili ya Fundi Aigbe. Na Benin imejibu siku ileile kwamba haina nia ya kuacha mbao zake zishikilie daraja la wengine. Miezi yote hii hawajakubaliana hata juu ya nukta. Hili wamekubaliana.

Mwambie Fundi asiiguse. Ile ndiyo iliyobeba. Nimepiga hesabu mara nne.

Odia


Kituo cha Polisi, Ugbodin,
17 Mei 1982

Kwa Mhandisi Odianosen,

Hunifahamu. Mimi ni Inspekta Bulus Dashe. Dada yako ameniomba nikuandikie, yeye hawezi kwa sasa.

Nakala yako niliipata Ijumaa saa tatu asubuhi. Saa nne nilikuwa nimefunga daraja, mapipa pande zote mbili na konstebo kila upande. Nilipeleka habari makao makuu kwa redio. Waliniuliza kama ni karatasi halisi. Nikasema ni nakala yenye muhuri. Wakasema nifungue mpaka halisi ije. Nikawaambia redio inakwaruza, siwasikii. Nimewahi kutii amri nyingi katika kazi hii, lakini ile sikuiweza.

Saa saba likaja gari la jimbo kutoka Benin, na vijana sita na amri ya kuondoa mihimili. Fundi Aigbe aliwakatalia. Dada yako alimsomea maneno yako. Mkubwa wa msafara akamwambia, "Wewe mfanyakazi wa jimbo au wa Lagos?" Fundi akamwambia yeye ni mfanyakazi wa daraja. Wakamwandikia kufukuzwa hapohapo, juu ya boneti ya gari, na wale vijana wakaanza kushuka na nyundo.

Mimi ningeweza kuwazuia? Nimejiuliza hilo tangu Ijumaa. Amri niliyopokea kutoka Lagos ilisema mali ya jimbo iondolewe. Nilisimama na karatasi mbili, ile amri mkono huu na nakala yako mkono ule, nikizitazama.

Fundi aliwaita vijana wapande. Alisema hawajui ipi inabeba na ipi imesimama tu, watakufa wote. Akashuka yeye peke yake. Alikusudia kutoa ile isiyobeba, awaonyeshe, wapige picha waondoke. Hivyo ndivyo alivyomwambia dada yako. Alitoa wa kwanza, na wa pili. Dada yako alikuwa ukingoni, akamwambia inatosha. Fundi akainua mkono kwamba subiri, akaweka sikio lake kwenye mti. Mimi nilimwona akiweka sikio. Kisha akageuka ghafla akaanza kukimbia ndani ya maji, na daraja likashuka.

Dada yako aliingia mtoni. Tulimtoa, ameumia mkono wa kulia. Fundi tulimpata jana.

Hakuna aliyekuwa juu. Ijumaa ni siku ya soko, Bwana Mhandisi. Saa saba ya siku ya soko huwa wako mamia. Nimeona nikuandikie hilo pia.

Mimi nahamishiwa Sokoto.

B. Dashe


Lagos,
24 Mei 1982

Dada,

Sijui nianzie wapi. Mkono wako unaendeleaje? Fundi Aigbe ameacha nani?

Nimesimamishwa kazi. Lakini jana waliniita tena, si mkurugenzi bali wakili. Kutakuwa na tume ya uchunguzi, wajumbe nusu wa Lagos na nusu wa Benin. Wakili ni mtu wa sauti laini, alinipa soda. Anataka niseme nilikagua Novemba kama ilivyoandikwa, nikakuta nguzo nzima, na kwamba ile nakala niliiandika kwa sababu dada yangu alinishinikiza. Kisha watasema mafundi wa jimbo ndio waliolegeza nguzo kwa mihimili yao. Yaani Fundi Aigbe. Nikisema hivyo narudishwa kazini, na nyumba inabaki. Nikikataa, wanaleta faili la Novemba, na mimi ndiye mkosaji peke yangu.

Redio ya jimbo inasema Lagos imeua. Redio ya taifa inasema Benin imeua. Nimezima zote mbili.

Ebehi hajui. Ameniuliza kwa nini nashinda nyumbani.

Odia


Ugbodin,
31 Mei 1982

Mdogo wangu Odia,

Usishangae mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo maneno yatakuwa machache.

Ameacha mke, jina lake Omonzele, na wasichana wawili. Nilikwenda kwao na Mama. Watu wa jimbo walikuwa wametangulia, wanataka mazishi yawe yao, na hotuba. Omonzele aliwauliza kama mumewe alikufa akiwa kazini au akiwa amefukuzwa, maana barua ya kufukuzwa ilikutwa mfukoni mwake, imelowa lakini inasomeka. Wakaondoka na mashada yao. Tulimzika sisi, Inspekta Dashe akashika jeneza upande wa mbele, bila sare.

Kisha Omonzele akaniuliza, "Mwalimu, kwani Novemba ilikuwaje?" Amesikia redioni. Nimejibu maswali ya watoto miaka ishirini na mbili, Odia, lile sikuliweza, kwa sababu jibu si langu.

Na mimi wakili wangu amekuja, wa Benin, naye ana sauti laini. Anataka nitoe barua zako zote. Akishazipata atasema Lagos nzima ni ya waongo, na wewe ndiye mfano. Kuhusu amri ya kuondoa mihimili, nisiizungumzie. Nikikubali, ile barua ya kujieleza inafutwa. Nimemwambia barua za ndugu yangu atazileta ndugu yangu.

Siwezi kukuambia kwamba utapona. Nimeliwaza kila upande na sioni mahali ambapo hutaumia. Ebehi mwambie leo, asije akasikia kwa jirani. Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa, na mkunga wa hapa ndiye aliyemzalisha Mama ulipozaliwa wewe.

Tume inakaa tarehe kumi na nne Juni, ukumbi wa mji, saa tatu. Nimewaandikia kwamba mashahidi kutoka kwetu ni wawili. Mimi nitasema nilichokiona. Wewe utasimama mbele ya Omonzele na wale wasichana useme kwamba hukuja.

Daraja halipo tena, pitia njia ya Agbor, ni ndefu lakini inafika.

Dada yako,
Izehi